Soma fomu kabla hujashika formalini

Juzi kijana wetu wa mafunzo hapa maabara kapiga simu wodini mbio mbio: potasiamu 9.1, mgonjwa yuko hatarini! Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anapiga soga. Nikamuuliza, kalsiamu je? Karibu na sifuri. Kumbe damu ilikuwa pungufu, akajazia kutoka kichupa cha zambarau. Kila kundi lina mmoja wa hivi. Basi naandika, nimechoka kusema.

1. EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye kichupa cha zambarau, ina potasiamu, na inaidaka kalsiamu. Usimimine kamwe, hata tone.

2. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka mno na mtu hatoki damu popote? Tazama slaidi kwanza, huenda EDTA imezifanya zishikane. Omba kichupa cha sitreti, na kwa kuwa sitreti huizimua damu, jibu ulizidishe kwa 1.1.

3. Soma fomu yote, hadi chini. Hili nimelilipia.

Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, zamu ya usiku. Daktari alikuwa amempasua mama mmoja tumboni akitegemea saratani ya ovari: maji yamejaa, CA-125, kipimo cha damu cha saratani hiyo, iko juu. Alipofungua akakuta utando wa tumbo umetapakaa vipunje vyeupe, kama mtu kamwaga uwele. Akakata vipande, vikaletwa kwangu kwenye maji ya chumvi. Mimi nikajiona hodari. Nyama ikikaa bila formalini, dawa ya kuihifadhi, inaoza, si ndivyo tulivyofundishwa? Nikavizamisha vyote kwenye formalini ya asilimia 10, tena kwa kipimo kilekile cha kitabuni, mara kumi ya nyama. Nikaandika lebo kwa mwandiko mzuri. Nikajisifu kimoyomoyo.

Chini ya fomu, kwa mwandiko wa kukimbia: "Kifua kikuu? Gawanya, nusu ioteshwe." Yaani nusu ibaki bila dawa, bakteria wakuzwe maabara.

Formalini huua kila kiumbe. Patholojia ikaona granuloma, vinundu vya uvimbe, zenye kiini kilichokufa, lakini rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kusakia bakteria wa kifua kikuu, haikuonyesha bakteria hata mmoja, na kwenye tumbo mara nyingi huwa wachache hivyo. Cha kuotesha hakikubaki. Dawa zikaanzishwa kwa kubahatisha, na hali ilipochelewa kutengemaa hakuna aliyejua kama ni usugu au ni subira tu. Mama akarudishwa kutobolewa tumbo mara ya pili. Daktari hakunifokea. Alinionyesha ile fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akaondoka. Afadhali angefoka.

4. Mashine mpya inayosoma slaidi za malaria kwa akili bandia ni nzuri, haichoki saa tisa usiku kama mimi. Ila ukiipa slaidi iliyopakwa Giemsa (rangi ya kuonyesha vimelea) isiyochujwa, pH ya maji ya bafa yanayoichanganya imepita 7.2 huko, itahesabu uchafu wa rangi na kukuambia vimelea kwa uhakika wa kutisha. Wiki iliyopita mmoja wenu alinijibu, "Mashine imesema." Nikamwuliza rangi ilichanganywa lini. Bado namsubiri.