Roli za piano zinalia kama toi, ninunue spika?

SWALI: Mhariri habari, mimi napenda sana zile piano za zamani zinazojipiga zenyewe kwa roli ya karatasi. Nimepakua mafaili ya MIDI yaliyoskaniwa kutoka kwenye hizo roli ila nikiyacheza kwenye laptopu yanalia kama toi, tena makavu, kila noti nguvu ileile. Ninunue spika kubwa au?

JIBU: Spika ziache kwanza. Faili la MIDI halina sauti ndani, ni maagizo tu, piga noti hii, kwa nguvu hii, achia, kanyaga pedali, basi. Anayelia hapo ni kile kipiano cha bure kilichokuja na laptopu yako na kwa kweli ni cha kubabaisha. Weka programu ya piano ya sampo, zile ambazo wamerekodi piano halisi noti moja moja, taratibu mpaka kwa nguvu, zipo hata za bure na utashangaa mwenyewe.

Ukavu sasa ni habari nyingine. Roli za kawaida za noti 88 nyingi zilibeba noti tu, nguvu ilitoka kwenye miguu ya aliyekaa anakanyaga, kwa hiyo kama aliyeskani hakuongeza kitu ukifungua faili kwenye programu ya kuhariri utakuta velositi (namba ya nguvu ya kila noti) ni 64, 64, 64 mpaka mwisho, hapo hata spika za milioni hazisaidii. Tafuta mafaili ya roli za Welte-Mignon, ile mitambo ya piano ya Ujerumani ya 1904, au Ampico na Duo-Art za Marekani, hizo roli zina matundu ya ziada pembeni yanayoamrisha nguvu na pedali. Watunzi wakubwa walirekodia huko, Debussy Welte, Rachmaninoff Ampico, Gershwin Duo-Art, yaani unamsikia mwenyewe bila ile mikwaruzo ya santuri. Ila hakikisha yale matundu ya pembeni yamegeuzwa kuwa velositi maana wengine huwa wanayaruka, uvivu tu.

Ukiona wimbo unakimbia punguza tempo, noti hazitakuwa nzito kama santuri inavyofanya ikizungushwa polepole.

Baada ya hapo ndo uje kwenye spika, na wala si lazima kubwa hivyo, jozi ya kawaida kwenye amplifaya inatosha, ila vile vispika vya mezani noti za chini kabisa havizifikii (ya mwisho ni hezi 27.5). Na mwangwi kwenye programu punguza, chumba chako kina wake tayari.