Mtoto wa mama mwenye kisukari: kadi isomwe kabla uchungu haujaanza

Mtoto alizaliwa na kilo 4.3, na wodi nzima ikafurahi. Bibi yake alimfunika khanga akiyasifu mashavu yake, nami, mkunga wa zamu ile ya usiku, nikaandika kuwa ni mzima kwa sababu alilia mara tu alipotoka. Baada ya saa moja na nusu nilipita tena kitandani kwao nikakuta vidole vyake vinatetemeka, shingo imelegea na titi halitaki. Tone la damu ya kisigino lilisoma sukari ya chini mno, milimoli 1.3 kwa lita. Ndipo nilipofungua kadi ya kliniki ya mama yake nikaona, pembezoni mwa ukurasa, neno "sukari" limeandikwa na kupigiwa mstari tangu mimba ilipokuwa na wiki 28. Mtoto yule alipona baada ya siku nne za dripu katika chumba cha uangalizi maalumu, lakini tangu usiku ule simpokei mama yeyote wa kujifungua kabla sijaisoma kadi yake yote.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, ila insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari, haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, na hiyo ndiyo humnenepesha. Kitovu kinapokatwa, sukari hukatika papo hapo huku insulini ikibaki, ndiyo maana sukari yake huweza kuporomoka ndani ya saa moja au mbili, hata akiwa mnene kuliko wenzake wote. Insulini hiyohiyo huchelewesha kukomaa kwa mapafu na huweza kunenepesha misuli ya moyo.

Kwa hiyo, ninapotaka kujua ni mtoto yupi atahitaji uangalizi maalumu, sianzi na mtoto. Humwuliza mama kisukari chake kilianza lini, kwa maana aliyekuwa nacho kabla ya mimba yuko katika hatari kubwa kuliko aliyegunduliwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Sukari nyingi katika wiki za mwanzo, viungo vinapoumbwa, huweza kuleta kasoro za moyo na za uti wa mgongo. Kisha hutafuta vipimo vya miezi mitatu ya mwisho, ambavyo kwa kawaida tunataka visizidi 5.3 kabla ya kula na 6.7 saa mbili baada ya kula. Hapa naomba wenzangu wa kliniki wanisikilize: tusiandike "sukari nzuri", tuandike namba. Utafiti wa kimataifa uitwao HAPO, uliohusu sukari ya mama na matokeo ya mimba, uliochapishwa mwaka 2008 baada ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kuwa hatari ya mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi hupanda hatua kwa hatua pamoja na sukari ya mama, hata kwa wanawake ambao sukari yao haijafikia kiwango cha kisukari.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni umri wa mimba. Mtoto wa wiki 35 mwenye kilo tatu na nusu humdanganya kila anayemtazama, kwani mwili ni wa mtoto aliyetimiza miezi ilhali mapafu bado machanga. Akitolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza, hatari ya kupumua kwa shida huongezeka. Mtoto mdogo kupita kiasi naye namhofia, hasa mama akiwa na shinikizo la damu, kwa sababu hana akiba ya mwilini ya kumvusha saa zile za mwanzo.

Mama mwenye kisukari, chagua mapema mahali pa kujifungulia, na usione haya kuuliza kama usiku wa manane panapatikana kipima sukari chenye vijiti vyake, dripu ya dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 10, oksijeni na daktari wa kumwona mtoto. Ukifika, taja kisukari chako mlangoni, kabla hujaulizwa. Mtoto akizaliwa anapumua vizuri, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya nusu saa, kisha kila baada ya saa mbili hadi tatu, na sukari ipimwe kabla ya kunyonya. Ikishuka chini ya 2.6, daktari aitwe.

Sikubaliani na wanaomtenga kila mtoto wa mama mwenye kisukari kwa tahadhari tu. Wengi wao huhitaji joto la mama, titi na jicho la karibu, na kutenganishwa huwachelewesha kunyonya, jambo ambalo lenyewe hushusha sukari. Anayepaswa kupelekwa haraka kwenye uangalizi maalumu ni yule anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anayeguna kila anapotoa pumzi, anayegeuka bluu mdomoni, anayetetemeka au kulegea, au ambaye sukari yake haipandi baada ya kunyonya. Na hata asipoonyesha lolote kati ya hayo, msikubali kuruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya saa 24.