Thunder au Spurs: nani ana kesho iliyo imara zaidi?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili, Morogoro, na mpenzi mkubwa wa kikapu. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Wenzangu wanasema Oklahoma City Thunder watatawala NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, miaka saba au nane ijayo, kwa kuwa ni mabingwa wa 2025, bado vijana, na wana akiba ya nafasi za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi kila mwaka. Mimi nawatetea San Antonio Spurs kwa sababu ya nyota wao kijana Victor Wembanyama, hasa baada ya kuwafunga Thunder mara tatu ndani ya Desemba 2025. Ninyi mnaochambua timu kwa kazi mnapima vipi mustakabali wa timu mbili kama hizi? Mnaanzia kwenye umri, vipaji au fedha? Na wewe ungechagua ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa unasoma uhasibu, nitaanzia kwenye jedwali la mishahara. Umri na kipaji vinakwambia timu inaweza kufika wapi, na mishahara inakwambia itakaa pamoja kwa muda gani. Wewe umeuliza habari ya miaka saba. Katika NBA ya sasa, timu changa iliyosheheni vipaji huvunjika mapema pale mikataba mikubwa ya nyota wake inapoanza kulipwa kwa pamoja. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoandika ni mwaka ambao kila nyota anaanza kulipwa mshahara wa juu. Majina na takwimu za uwanjani hufuata.

Kwanza niwape wenzako haki yao. Thunder walimaliza msimu wa 2024-25 wakiwa na ushindi 68 na vipigo 14. Kwa wastani walimshinda mpinzani kwa pointi 12.9 kila mechi, tofauti ambayo hakuna timu iliyowahi kuifikisha katika historia ya ligi. Kisha wakawatoa Indiana Pacers kwa mechi saba kwenye fainali. Shai Gilgeous-Alexander alikuwa mfungaji bora, Mchezaji Bora wa Msimu na Mchezaji Bora wa Fainali, na wakati huo hata miaka 27 alikuwa hajatimiza. Spurs msimu huohuo walishinda 34 na kupoteza 48. Misimu miwili iliyotangulia walishinda 22 tu kila mmoja. Mtu akikwambia mwanzo wao ni sawa, mkatalie.

Sasa tuje kwenye fedha. Mkataba wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliweka vizingiti viwili juu ya ukomo wa mishahara (kiwango ambacho ligi huwekea jumla ya mishahara ya kila timu), na kinachotisha ni cha pili. Msimu huu wa 2025-26 ukomo ni dola milioni 154.6 na kizingiti cha pili kiko milioni 207.8. Ukikivuka, mbali na kodi ambayo ligi hutoza timu zenye mishahara mikubwa, huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili kubadilishana na nyota mmoja. Huwezi kuongeza fedha taslimu kwenye mabadilishano. Wachezaji huru, yaani wasio na mkataba, utawapata kwa mshahara wa chini tu. Tena nafasi yako ya drafti ya raundi ya kwanza, ile ya miaka saba mbele, inagandishwa usiiuze, na ukiendelea kukaa juu ya kizingiti inasukumwa mpaka mwisho wa raundi.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi gawanya 207.8 kwa 154.6. Utapata kwamba kizingiti cha pili ni kama asilimia 134 ya ukomo. Vyote viwili hupanda pamoja, kwa hiyo ni rahisi kufikiri kwa asilimia kuliko kwa dola. Kila timu ina kama 134 za kugawa kabla ya kufungwa mikono.

Julai 2025, wiki chache baada ya ubingwa, Thunder waliwaongezea mikataba nyota wao wote watatu. Chet Holmgren na Jalen Williams wanaanza kulipwa mikataba mipya msimu wa 2026-27, kila mmoja kuanzia kama asilimia 25 ya ukomo. Wa Shai, dola milioni 285 kwa miaka minne, unaanza 2027-28, na ni asilimia 35. Kwa hiyo msimu wa 2027-28 watu watatu watakuwa wamekula kama 85 kati ya 134. Zinabaki 49 kwa wachezaji wengine wote. Msimu huohuo ndipo Cason Wallace, mlinzi wao kijana aliyechaguliwa 2023, naye anakuwa amemaliza mkataba wa awali na anadai wake mpya. Alex Caruso bado analipwa. Ndiyo maana nawaambia watu waangalie majira ya joto ya 2026, ambapo timu ina hiari ya kuendelea au kutoendelea na Isaiah Hartenstein kwa milioni 28.5 na Luguentz Dort kwa karibu milioni 18. Hao ndio wanaomchosha mpinzani kabla Shai hajagusa mpira. Mmoja akiondoka, ile tofauti ya pointi 12.9 inaanza kupungua, hata nyota watatu wakibaki.

Sam Presti, meneja mkuu wa Thunder, alishawahi kufika hapa. Mwaka 2012 alikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote chini ya miaka 25, wakafika fainali wakafungwa na Miami. Oktoba mwaka huohuo, kabla msimu mpya haujaanza, Harden akapelekwa Houston kwa sababu hawakuafikiana mkataba. Wote watatu baadaye wakawa Wachezaji Bora wa Msimu, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakuchukua ubingwa hata mmoja pamoja. Safari hii Presti amewalipa wote. Naamini amefanya sawasawa, lakini gharama imehamia kwenye benchi.

Wenzako watajibu: nafasi za drafti zipo. Ni kweli, na ni hoja nzito. Mwaka 2019 walipompeleka nyota wao Paul George kwa Los Angeles Clippers walimpata Shai pamoja na nafasi tano za raundi ya kwanza, na mojawapo ndiyo iliyomleta Jalen Williams, namba 12 ya mwaka 2022. Hata ya Clippers ya 2026 bado ni yao. Ila nafasi ya drafti usiihesabu kama nyota anayesubiri kufika. Sisi Watanzania tunalijua hili kwa karibu. Mwaka 2009 Memphis walimchukua ndugu yetu Hasheem Thabeet namba mbili, na Thunder, waliokuwa namba tatu, wakamchukua Harden. Thabeet mwenyewe baadaye aliichezea Thunder kati ya 2012 na 2014. Nilimshangilia kwa moyo wote na bado najivunia kwamba alifika kule. Lakini ukiweka majina hayo mawili kando kwa kando unaona kwamba namba ya kuchaguliwa haikuhakikishii kitu. Mimi nafasi za drafti nazipa thamani moja tu ya uhakika: mchezaji wa bei nafuu kwa miaka minne. Kwa timu yenye nyota watatu wa bei ghali hiyo ni thamani kubwa. Ajay Mitchell, namba 38 ya mwaka 2024, ni mfano hai wa mtu anayeziba pengo kwa fedha kidogo.

Tukivuka kwenda Texas, kwa Spurs, hesabu inabadilika kabisa. Wembanyama alichaguliwa 2023, Stephon Castle 2024, Dylan Harper 2025. Kila mmoja mwaka wake. Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, kwa hiyo mishahara mikubwa itaingia kwa ngazi: Wembanyama 2027-28, Castle 2028-29, Harper 2029-30. De'Aaron Fox, waliyemchukua kutoka Sacramento Februari 2025, ana mkataba mpya wa miaka minne unaoanza 2026-27 na kuisha 2030. Angalia vizuri hapo: Fox na vijana wote watatu watalipwa fedha nene kwa pamoja msimu mmoja tu, 2029-30, na mwisho wa msimu huo wa Fox unatoka kwenye vitabu. Spurs hawakuipanga yote hii kwa akili. Kura ya drafti, bahati nasibu inayopanga nani achague mapema, iliwaangukia vizuri miaka mitatu mfululizo. Lakini ratiba ndiyo hiyo, na sijaona timu changa nyingine yenye ratiba nzuri kama hiyo.

Fox ndiye anayenipa wasiwasi. Alizaliwa Desemba 1997, na mchezo wake wote umejengwa juu ya kasi ya hatua ya kwanza. Mwisho wa mkataba ule atakuwa na miaka 32. Harper na Castle wote wanataka mpira mkononi kama yeye, na mpira ni mmoja. Kocha Mitch Johnson, aliyerithi kiti cha Gregg Popovich Mei 2025, atalazimika kulitatua hilo mapema, hata kama ni kwa kumtoa Fox kabla ya 2030.

Uwanjani nimeziangalia mechi zao za Desemba zaidi ya mara moja. Ile ya nusu fainali ya Kombe la NBA kule Las Vegas ilichezwa alfajiri kwa saa zetu. Thunder waliingia wakiwa wamepoteza mechi moja tu kati ya 25, na Wembanyama alikuwa anarudi kutoka jeraha la misuli ya mguu, akatokea benchi. Spurs walishinda 111 kwa 109. Tazama anaposimama yeye Thunder wanaposhambulia. Hamfuati mtu wake mpaka kwenye mstari wa pointi tatu, anabaki karibu na kikapu. Ana mita 2.24 na mikono mirefu kupita urefu wake, kwa hiyo Shai akimpita mlinzi wa kwanza anakuta eneo lote la chini limefungwa. Shai anasimama katikati ya njia, anageuza bega, na kwa mara chache mno katika msimu ule unamwona akitoa pasi ambayo hakuipanga. Ni mechi chache, na mchujo wa mechi saba humpa kocha Mark Daigneault muda wa kutafuta dawa. Hata hivyo sijaona timu nyingine inayogusa kiini cha mashambulizi ya Thunder kwa namna hiyo, bila kuhitaji watu wawili kumkaba Shai.

Afya inavuruga hesabu zote. Wembanyama, ambaye baba yake ana asili ya Kongo, alicheza mechi 46 tu msimu wa 2024-25, kisha akazuiwa kwa damu kuganda kwenye bega. Nililichukulia kwa uzito kuliko goti au kifundo cha mguu, kwa sababu damu kuganda kumewahi kumaliza safari ya nyota Chris Bosh kule Miami. Amerudi na anacheza, nashukuru kwa hilo, lakini katika jedwali langu naiacha alama hiyo mahali pake. Holmgren naye alikosa msimu wake wote wa kwanza kwa jeraha la unyayo, na katika mwaka wa ubingwa alicheza mechi 32 tu za msimu wa kawaida. Tofauti ni kwamba Thunder walishinda 68 hata hivyo. Spurs walishinda mechi nyingi kuliko walizopoteza Wembanyama alipokuwa nje msimu huu, jambo lililonifurahisha, lakini kushinda mechi za Novemba bila yeye ni kitu kimoja na kuchukua ubingwa bila yeye ni kitu kingine.

Kwa hiyo mimi naugawa muda wako wa miaka saba mara mbili. Mpaka mwisho wa msimu wa 2026-27 nawachagua Thunder bila kusita, kwa kuwa Shai atakuwa bado analipwa kwa mkataba wake wa zamani, karibu milioni 41, mshahara mdogo kwa mchezaji wa kiwango chake. Kuanzia 2027-28 mpaka 2032 nawachagua Spurs, kwa sharti moja kubwa: Wembanyama acheze angalau mechi 65 kwa wastani kila msimu. Asipofikia hapo, wenzako wa kijiweni wameshinda.

Ukitaka kujua mapema nani anakaribia kuwa sahihi, majira ya joto ya 2026 fuatilia mambo matatu: Thunder wanaamua nini kuhusu Hartenstein na Dort, Wallace anaomba kiasi gani, na Spurs wanampa Wembanyama mkataba wa asilimia 25 au wenye kifungu cha kupanda hadi 30 akishinda tuzo kubwa. Hizo asilimia tano ndizo zitakazoamua kama Devin Vassell au Keldon Johnson, wachezaji wengine wa Spurs, atabaki.