Mavu kwenye kenchi ya ghorofa

Unauliza kama uwachome kwa mwenge mavu waliojenga kiota kwenye kenchi ya nyumba ya ghorofa. Hapana, usichome. Mwenge wa mafuta ya taa chini ya kenchi za mbao utaunguza paa kabla ya kumaliza mavu. Ngoja giza liingie, wote wawe wamerudi kiotani, ndipo upulize dawa ya kopo inayofika mbali, ukiwa umesimama ardhini. Usimulike tochi moja kwa moja, wanafuata mwanga. Kiota kiangushe kesho yake, kukiwa kimya kabisa.

Ila kwa urefu wa ghorofa, mimi fundi paa sipandi ngazi kwa mavu: ukidungwa shingoni unaachia mikono. Lipa watu wa fumigesheni. Na aliyewahi kuvimba koo kwa kuumwa na nyuki au nyigu asisogee hapo.