Nairobi Haina Malaria: Kwa Mnaoanza Kazi ya Chanjo

Swali la kwanza nililoulizwa na muuguzi wa zahanati moja huko Homa Bay halikuhusu chanjo hata kidogo. "Madam, wewe umewahi kuugua malaria?" Nikasema la. Nimezaliwa Nairobi, nimesomea Nairobi, na likizo za Desemba tulikuwa tukipanda kwenda Nyeri kwa shosho, si kushuka ziwani. Akanitazama, akaitazama fulana yangu yenye nembo ya ofisi, akasema, "Basi keti hapo kwa benchi kwanza."

Niliketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, na mengi ninayowaandikia ninyi mlioajiriwa juzi kwenye kazi ya chanjo ya malaria yalitoka hapo.

Nairobi imeinuka kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu huchelewesha kimelea kukomaa ndani ya mbu, na mara nyingi mbu mwenyewe hufa kabla mzigo haujaiva. Mgonjwa wa malaria anayelazwa hapa mjini aghalabu ametoka safari: matanga Siaya, harusi Busia, likizo Pwani. Ndiyo maana ofisi zetu za Gigiri, Westlands na Upper Hill zimejaa watu wanaoandika kurasa mia kuhusu ugonjwa usiowapigia hodi. Si dhambi. Lakini ni upofu, na dawa yake ni nauli. Msimalize miezi mitatu ya kwanza bila kupanda basi la usiku, na mkifika msiombe kikao na wakubwa wa kaunti kabla hamjakaa na akina mama wanaosubiri kuitwa.

Kabla ya siku ile nilidhani kazi yetu ni kufikisha kitu. Ndege, ghala la Kitengela, lori, friji, sindano, kwisha. Kwenye benchi nilimwona mama akigeuza kijitabu cha kliniki huku na huku, hajui ameitwa kwa dozi ya ngapi. Mwenzake akamwonyesha ukurasa, naye pia akakosea. Mimi mwenye shahada ya uzamili nilihitaji dakika tatu kuwaambia lililo sahihi.

Itazameni kalenda yenyewe. Mama wa Kenya ameizoea kliniki ya mtoto: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18. Chanjo ya malaria ilipoanza hapa Septemba 2019 ilipangiwa mwezi wa 6, wa 7, wa 9 na wa 24. Ile ya 9 ina bahati, inadandia safari ya surua. Ile ya 6 inakutana na vitamini A. Ya 7 imesimama peke yake, na mama aliyekuja juzi tu haoni kwa nini aje tena. Ya 24 ndiyo kisirani. Mtoto anatembea, anatoroka, mdogo wake yuko mgongoni, na kijitabu kimebaki kwa nyanya yake au kimeliwa na panya. Tena mtoto mwenyewe anaonekana mzima. Nani ampeleke mtoto mzima kudungwa?

Na hiyo ya nne si ya hiari. Kwenye majaribio makubwa ya RTS,S, ndiyo chanjo ya malaria tuliyoanza nayo hapa, yaliyofanyika tangu 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Kilifi, Kombewa na Siaya vikiwemo, watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne waliugua malaria pungufu kwa kama asilimia 36 katika miaka minne. Kwa waliokosa ya nne, kinga dhidi ya malaria kali haikudumu hadi mwisho wa ufuatiliaji. Kwa hiyo mkiletewa ripoti yenye picha ya waziri akikata utepe na mchoro mzuri wa dozi ya kwanza, ulizeni swali moja: kati ya watoto mia waliopata ya kwanza, wangapi walirudi kwa ya nne? Mtaona macho yakihamia dirishani. Hata mimi yangu yamewahi kuhamia.

Kosa langu kubwa nililifanya mezani, hapa hapa Nairobi. Nilipewa kukadiria nafasi ya baridi kwa nchi moja jirani iliyokuwa ikijiandaa kupokea RTS,S. Chanjo hiyo huja katika vichupa viwili vilivyobanwa pamoja: kimoja kina unga, kingine kina maji yenye kichocheo cha kinga kiitwacho AS01. Mimi nilikuwa nimezoea surua, ambayo maji yake ya kuchanganyia yaweza kukaa nje ya friji hadi karibu na siku ya kutumika. Nikahesabu unga peke yake. Hesabu ikapendeza, bosi akafurahi, faili ikaenda. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na msimamizi wa ghala, mzee asiyependa barua pepe. "Binti," akasema, "huyu pacha wa pili utamlaza wapi?"

Pacha wa pili naye hulala kwenye nyuzi 2 hadi 8, na hapaswi kuganda. Maji mengine hayawezi kushika nafasi yake, maana kichocheo ni sehemu ya chanjo yenyewe. Nilirudia jedwali lote usiku ule, na tangu siku hiyo situmi hesabu ya friji kabla sijashika kasha la chanjo kwa mkono. Fanyeni hivyo. Nendeni ghalani, ombeni kuonyeshwa kasha, pimeni kwa rula. Watawacheka, lakini watawapenda.

R21, chanjo ya pili ya malaria, iliyobuniwa Oxford na kutengenezwa na Serum Institute of India, ilituondolea sehemu ya maumivu haya ya kichwa, kwani huja ikiwa maji tayari, hakuna kuchanganya. Msidhani basi kwamba nchi zitabadilisha chanjo kama mtu abadilishavyo laini ya simu. Mtoto aliyeanza na moja amalizie na hiyo hiyo pale inapowezekana, kwa hiyo ghala, fomu na mafunzo vyote huingia kwenye hesabu ya kuhama.

Jambo dogo linaloliwa na hofu: RTS,S ina dozi mbili kwa kichupa, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia. Muuguzi akiwa na mtoto mmoja tu anaogopa kuulizwa kuhusu dozi itakayomwagwa, anamwambia mama aje Alhamisi. Alhamisi mama haji. Mwongozo wenu useme waziwazi kwamba afungue, na mkubwa wake aambiwe hivyo hivyo mbele yake.

Sasa maneno. Ukisema "chanjo ya kuzuia malaria" mama anaelewa ulichosema: mtoto wangu hataugua tena. Akiugua mwezi ujao, umempoteza yeye na jirani zake wanne. Nilipokaa kwenye benchi nilimsikia muuguzi akieleza kwa namna nyingine, nami nikaiiba: chanjo inapunguza mara za kuugua na inapunguza makali, neti ibaki kitandani, na homa ikija mlete apimwe. Haina mbwembwe za bango la rangi, lakini inasimama mtoto akipata homa. Ukitaka tarakimu ya kumwambia mwenye mashaka, ipo. Katika maeneo ya Ghana, Kenya na Malawi yaliyoanza mapema, zaidi ya watoto milioni 2 walichanjwa, na vifo vya watoto wa umri uliolengwa, ukiacha vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Ni vifo kwa jumla hivyo, si vya malaria pekee.

Someni pia yale yasiyopendeza. Majaribio ya awali yaliibua maswali kuhusu homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, na vifo vya wasichana kuliko wavulana. Moja ya sababu za kuanza kwa awamu ya nchi tatu ilikuwa kuyachunguza hayo, na uchunguzi haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo chanzo. Nawaambia mapema kwa sababu mtaulizwa na mwalimu wa shule ya msingi mwenye simu na bando, mbele ya baraza la chifu, na ukigugumia umekwisha.

Mtaulizwa vilevile kuhusu haki. Katika kaunti 8 za eneo la ziwa na magharibi, kaunti ndogo ziligawanywa kwa bahati nasibu: hizi zianze, zile zisubiri ili tulinganishe. Kitaalamu ni safi. Kwa mama anayevuka barabara tu na kuambiwa hayumo, ni dhuluma. Wengine walitembea na watoto hadi upande wa pili, na wauguzi wakabaki kati ya sheria na uso wa mtu. Walioachwa wengi walifikiwa Machi 2023, baada ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza RTS,S Oktoba 2021. Sina jibu tamu la hapo. Mimi huwaambia tulisubiri kwa nini, bila kujitetea sana.

Kuhusu wizara nitakuwa mfupi. Mwenye nchi ni wao. Maombi ya Gavi, shirika la kimataifa linalofadhili chanjo, huandikwa kwa jina la serikali, hutiwa saini na serikali, na sehemu ya gharama serikali hulipa. Ukiandika ombi zima wewe ukiwa Westlands kwa sababu "wamechelewa", utapata ombi zuri lisilo na mtu wa kulitekeleza. Keti nao Afya House hata kama lifti imeharibika, andikeni pamoja, uwe wewe wa kuchapa. Na hapa Kenya msisahau kwamba chanjo hununuliwa na serikali ya kitaifa, ilhali muuguzi wa kuidunga huajiriwa na kaunti. Mwaka 2017 wauguzi walipogoma kwa miezi mitano, friji zilikuwa na dozi na vyumba vilikuwa na kufuli. Mpango wa nchi usiotaja mishahara ya wauguzi ni nusu mpango.

Mkipelekwa nchi nyingine, iacheni kalenda ya Kenya kwenye droo. Kanda ya ziwa letu ina malaria karibu mwaka mzima. Ukanda wa Saheli una msimu, na Mali walipoanza 2025 walichagua njia inayochanganya umri wa mtoto na majira ya mvua, pamoja na dozi ya tano. Niliwahi kumwona mwenzetu akifungua slaidi za Kenya mbele ya maafisa wa nchi kama hiyo, neno "Kisumu" likiwa halijafutwa. Walimsikiliza kwa adabu. Chai ilipofika, wote wakatoka naye akabaki na projekta.

Hali ya sasa si ile tuliyoanza nayo. Julai 2023 tulikuwa tukigawana dozi milioni 18 kwa nchi 12 hadi 2025, na ugomvi ulikuwa nani mwenye mahitaji makubwa zaidi aanze. R21 ilipopata pendekezo la Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, kwa bei isiyozidi dola 4 hivi kwa dozi, dozi zikaacha kuwa kikwazo, na sasa nchi zaidi ya 20 za Afrika zimeanza. Kikwazo kikahamia kwenye fedha: Marekani ilitangaza mwaka 2025 kwamba haitaichangia tena Gavi, na kila nchi inapiga hesabu upya. Mtakutana na mkurugenzi wa chanjo anayewauliza aache nini ili hii ibaki. Msijibu haraka. Mwombeni takwimu za wilaya, muone malaria kali iko wapi na watoto wanaorudi kwa ya nne ni wangapi, mkokotoe naye mezani kwake.

Yule muuguzi wa Homa Bay bado yupo. Ana daftari la mraba, lile la hesabu la watoto wa shule, ambalo halimo katika orodha yoyote ya vifaa vya wizara. Kila mtoto akipata dozi ya tatu, anaandika humo jina la mama, kijiji, jina la mtu mwenye simu pale nyumbani, na mwezi atakaotimiza miaka miwili. Kila mwezi ukianza anafungua ukurasa wa mwezi huo, anawasomea wahudumu wa afya ya jamii majina, kila mmoja anachukua ya kijiji chake. Anayeletwa anapigiwa mstari. Anayehamia Nairobi kwa mamake anaandikiwa "Nairobi" kwa wino mwekundu, na hao ndio wanaomuumiza kichwa, kwa sababu kaunti yetu ya Nairobi haitoi chanjo hii, na wakirudi kijijini Desemba huwa wamepitisha mwezi.

Nililieleza daftari hilo katika rasimu ya mwongozo mmoja wa mafunzo. Likafutwa ofisini kwa kuwa "si kifaa rasmi". Nikalirudisha, likafutwa tena. Mara ya tatu nikaweka na picha ya ukurasa, majina yamefunikwa kwa karatasi, na likapita. Ni kurasa mbili tu, baada ya sehemu ya friji. Mwongozo huo unafanyiwa marekebisho mwaka huu na najua kazi hiyo hupewa wageni. Ukiangukia mikononi mwako, hizo kurasa mbili usizifute.