Sindano ya testosteroni ya wanaume usichome, mdogo wangu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 51, nilitolewa kizazi na ovari zote mbili, nameza vidonge vya estrojeni, ile homoni ya kike, na lile joto la usiku limeisha ila hamu ya tendo imekufa kabisa, naumia. Mdogo wangu aliyeko Uingereza anasema huko wanawake wanaongezewa testosteroni. Kijana wa duka la dawa anayo ya sindano, nichome?" Mama K, Tanga

Marahaba Mama K, pole sana jamani. Kwanza baba K mwambie leo leo kwamba hii ni homoni, asije akadhani umemchoka. Ovari zetu nazo zinatengeneza testosteroni, sio ya wanaume peke yao, ukitolewa zote mbili inashuka karibu nusu kwa mpigo, halafu estrojeni ya kumeza inafanya ini litoe protini nyingi inayoishikilia hata ile kidogo iliyobaki. Kwa hiyo muulize daktari kama unaweza kuhamia estrojeni ya kupaka au ya kubandika, wengine hiyo tu inawasaidia. Na kama tendo linauma sema wazi, usione aibu, ukavu una krimu yake ya estrojeni ya ukeni na mwili hauwezi kutamani kitu kinachouumiza.

Mdogo wako hajakudanganya. Uingereza mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya matibabu, unaruhusu daktari kuifikiria testosteroni pale homoni za kawaida hazijarudisha hamu, na 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kazi yake iliyothibitishwa kwa waliokoma hedhi ni hiyo moja tu, anayekuuzia eti ya nguvu au kumbukumbu achana naye.

Lakini ile sindano HAPANA. Dozi ya mwanamke ni kama sehemu moja ya kumi ya mwanaume, ukichoma ya kwao inakaa mwilini wiki kadhaa huwezi kuitoa, unaota ndevu, chunusi, na sauti ikishakuwa nzito inaweza isirudi tena. Wanawake wanapewa ya kupaka, kidogo sana, damu inapimwa kabla na tena baada ya wiki 3 hadi 6. Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti mwambie daktari mapema. Mabadiliko yanachukua wiki kadhaa usikate tamaa haraka, ila miezi 6 ikipita bila kitu unaacha.