Tiara inayozunguka na kuanguka kichwa chini

Kama tiara yako inapanda kidogo kisha inazunguka na kuanguka kichwa chini, usiharakishe kuulaumu upepo. Kwanza ining'inize kwa uzi uliofungwa kwenye mti wa wima wa fremu yake, uone kama upande mmoja unalalia chini. Ukiona hivyo, kwanguakwangua kidogo mti wa kukingama upande ulio mzito, au bandika kipande cha karatasi ya gundi upande ulio mwepesi. Pili, refusha mkia: kwa tiara ya umbo la almasi yenye urefu wa sentimita 60, mkia wa mita 3 hadi 4 wa vitambaa vyepesi hautazidi, ingawa wengi huukata mfupi kwa sababu ya urembo tu. Fundo linalounganisha uzi mrefu na hatamu (uzi mfupi uliofungwa kwenye fremu ya tiara) likisogezwa juu, tiara hulala zaidi na kuvuta kwa upole, na likisogezwa chini huukabili upepo na kuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo lisogeze nusu sentimita tu kila unapojaribu. Nyaya za umeme ziwe mbali kabisa.